SHAURI ZA NYUMBANI: Tengeneza Kwanza, Ndipo Umkande Mtoto

Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo wanaume wengi hulihesabu kuwa la wanawake peke yao, nalo ni kumkanda mtoto mchanga kwa mafuta nyumbani. Najua wapo watakaoligeuza gazeti ili wasome bei ya mbuzi na habari za mvua. Nawasihi wangoje kidogo. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla mkono wa mama haujamgusa mtoto: kuteka maji, kufagia, kununua mafuta, kuziba mahali pa upepo, kutoa nje jiko lenye moshi. Je, katika kazi hizo ni ipi isiyomfaa mwanamume?

Wengi wetu tunaofanya kazi za ofisi katika upande huu wa Wajir tumeletwa na uhamisho. Mmoja ametoka Garissa, mwingine Hola, mwingine Meru, na mwingine pwani. Mke anapojifungua huku, mama yake mzazi yuko mbali kwa safari ndefu. Yule nyanya ambaye angekaa naye siku 40, akamwogesha mtoto na kumkanda huku akimwimbia, hayupo. Hapo bwana na bibi hutazamana. Ama humwita jirani mzee wa Kisomali aliye hodari wa kazi hiyo, ama hujaribu wenyewe kwa kukumbuka waliyoyaona utotoni. Njia zote mbili ni njema, lakini zote mbili zina sharti moja, nalo ni matengenezo. Mtoto mchanga hawezi kusema, "Mafuta haya yananiwasha," wala, "Upepo unanipiga." Yatupasa sisi kuyafikiri hayo mapema kwa niaba yake.

DESTURI YETU SI YA UJINGA

Kwanza niseme wazi kwamba sikuandika makala hii ili niwacheke wazee. Kumkanda mtoto ni desturi ya heshima. Watu wa pwani wana neno lao zuri, kusinga, na katika siku 40 za uzazi huwasinga mama na mtoto pia. Wasomali nao huziheshimu siku 40 hizo, na ayeeyo, yaani nyanya, ndiye mwenye amri ya nyumba wakati huo. Yeye hutumia samli, ambayo wao huiita subag, au mafuta ya ufuta.

Desturi hii imevuka mipaka ya nchi zetu. Katika mwaka 1976 daktari mmoja Mfaransa, Frédérick Leboyer, alitoa kitabu kiitwacho Shantala. Alikuwa amemwona mama mmoja huko Calcutta, India, ameketi chini na kumkanda mtoto wake juu ya miguu yake mwenyewe, akastaajabia utulivu wa mama na mwana. Akapiga picha, akaandika, na watu wa Ulaya wakaanza kujifunza kwa kitabu kazi ambayo nyanya zetu waliijua bila kitabu.

Baada yake wakaja wapimaji. Katika mwaka 1986 huko Marekani, Tiffany Field na wenzake walichapisha habari za watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Baadhi yao walikandwa na kunyooshwa viungo polepole mara 3 kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa muda wa siku 10. Watoto hao waliongezeka uzito kila siku kwa asilimia 47 kuliko wenzao wasiokandwa. Na katika miongozo yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake aweza kukandwa mwili mzima kwa upole, kwa ajili ya faida iwezayo kupatikana katika ukuaji wake.

Basi mwasikia maneno hayo: kwa upole, na mwenye afya. Hakuna daktari aliyesema kwamba mtoto asiyekandwa atakuwa kilema, wala kwamba mkono mzito hukaza mifupa. Faida iliyo karibu na ya hakika kwetu ni hii, kwamba mtoto hutulia, huzoea mkono na sauti ya mzazi wake, na mzazi hupata kumtazama mwili mzima kila siku. Mzazi amtazamaye mtoto wake hivyo ndiye atakayeuona upele, uvimbe, au umanjano wa ngozi siku ya kwanza na si siku ya tano.

MTAZAME MTOTO KABLA YA KUYATAZAMA MAFUTA

Matengenezo ya kwanza ni kumjua mtoto mwenyewe. Siku ya kuzaliwa si siku ya kukandwa. Siku hiyo huhitaji kukaushwa, kuwekwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na kunyonya. Hata kuoga kwapaswa kungoja angalau saa 24 tangu kuzaliwa, kwa maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hata katika nchi ya jua kali kama yetu.

Kitovu chataka uangalifu wa pekee. Mpaka kile kipande kilichobaki kikauke, kianguke, na mahali pake papone, tumbo lisikandwe, wala mafuta yasikaribie mahali pale. Wauguzi wetu wa Kenya huwapa akina mama dawa ya klorheksidini ya kupaka kitovuni. Mkipewa, tumieni kama mlivyoelezwa, na iwe mbali kabisa na macho ya mtoto, kwani huyadhuru. Msitie majivu, samli, wala manemane. Najua manemane, au malmal kama waitavyo wenyeji, hutoka katika miti ya nchi hii hii na ina sifa kubwa. Sifa zake hazina neno, lakini kidonda cha kitovu ni mlango ulio wazi, na vijidudu vya pepopunda huingia kwa mlango huo.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo, shauri lake litoke kwa muuguzi au daktari. Ngozi yake ni nyembamba sana. Huko Dhaka, Bangladesh, hospitali moja ilijaribu kuwapaka watoto wa namna hiyo mafuta ya alizeti yaliyotengenezwa vizuri, na katika mwaka 2005 ikatangazwa kwamba maambukizo ya hospitalini yalipungua kwa asilimia 41 kwa watoto hao wakilinganishwa na wasiopakwa. Lakini kumbukeni kwamba mikono iliyowapaka ilikuwa ya wauguzi waliofundishwa. Habari hiyo isimfanye mtu aende dukani na kurudi na chupa akasema, "Mimi nami nitatibu."

Mtoto mwenye homa, anayeharisha, anayekohoa, au mwenye vidonda vya ngozi asikandwe siku hiyo. Mtoto aliyechanjwa naye ana haki yake. Chanjo ya kifua kikuu hutiwa katika mkono wa kushoto, na kidonda kidogo hutokea mahali pale baada ya majuma machache. Pasisuguliwe, wala pasipakwe mafuta. Sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hudungwa pajani, na paja hilo huuma. Mwacheni apumzike siku mbili, kisha mwendelee.

SAA NA MAHALI

Nchi ya Hadado ina mambo matatu ambayo vitabu vya Ulaya havikuyafikiri: vumbi, jua, na uchache wa maji. Kwa hiyo saa ya kazi hii haina budi kuchaguliwa kwa akili. Saa sita mchana nyumba ya mabati huwa kama tanuri, na mtoto aliyepakwa mafuta katika joto hilo hutokwa jasho na upele. Alasiri upepo huinuka na kuleta mchanga. Saa zilizo njema ni asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na moja, vumbi linapotulia.

Tena angalieni tumbo la mtoto. Aliyetoka kunyonya sasa hivi atatapika akikandwa, na mwenye njaa atalia mpaka mwisho. Ngojeni kama saa moja baada ya kunyonya, wakati yu macho na ametulia. Kama amelala, msimwamshe. Usingizi wa mtoto mchanga ni chakula cha pili.

Mahali pawe chini, si juu ya meza wala kitanda kirefu. Mtoto aliyepakwa mafuta huteleza kama kambare, na walioshika kambare kule Mto Tana wanaelewa nisemavyo. Tandikeni mkeka uliokung'utwa nje, juu yake blanketi lililokunjwa, na juu ya blanketi kanga safi iliyooshwa na kuanikwa juani. Waliomo katika nyumba za mikeka na ngozi, zile za wafugaji wanaohama, wachague upande usioelekea upepo, na wateremshe mkeka wa mlangoni. Mwanga ubaki wa kutosha kuuona uso wa mtoto.

Moshi utoke. Jiko la makaa lisiletwe ndani ya chumba kilichofungwa kwa kisingizio cha kumpasha mtoto joto, maana hewa ya makaa huua watu wazima usingizini, sembuse kiumbe wa majuma mawili. Wenyeji wetu hupenda kufukiza uunsi, na watu wa pwani hufukiza udi. Harufu ni nzuri, lakini mapafu ya mtoto mchanga hayajui tofauti ya moshi mzuri na moshi mbaya. Chetezo kiwekwe nyumba nyingine, au kingoje mpaka mtoto atakapotolewa nje.

MIKONO

Mikono iliyotoka kukamua ngamia, kuhesabu noti, au kushika simu haifai kumgusa mtoto kabla ya kuoshwa. Maji kidogo si udhuru. Chukueni mtungi mdogo wa plastiki, toboeni tundu dogo karibu na shingo yake, mfunge kamba shingoni ili ukanyagwapo mti ulioshikizwa kwa kamba hiyo mtungi uiname na kuchirizisha maji. Watu wengi hukiita kibuyu chirizi. Mtungi mmoja huosha mikono ya watu wengi. Kipande cha sabuni kifungwe hapo hapo kwa uzi ili kisibebwe na kunguru wala watoto. Hii ni kazi ya baba, nayo haimalizi nusu saa.

Kucha zikatwe. Pete, bangili na saa zivuliwe. Hina iliyokwisha kukauka katika mikono ya mama haina shida, lakini mtoto mwenyewe asipakwe hina. Wako watoto ambao damu yao ina upungufu wa kuzaliwa nao, na hina hupenya ngozini ikaivunja damu yao hata wakawa manjano na kuhatarika. Kwa macho huwezi kumtambua mtoto wa namna hiyo, basi heri kuiacha kabisa. Na wanja nao usitiwe machoni, kwa sababu wanja mwingi wa madukani umeonekana kuwa na risasi ndani yake, yaani ile madini yenye sumu.

Mkono ukiwa baridi, usuguliwe na mwenziwe mpaka upate joto.

MAFUTA

Sasa tufike katika mafuta, ambayo wengi hudhani ndiyo habari yote. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati mafuta si dawa. Shirika la Afya Duniani halishauri watoto wote wazima kupakwa mafuta kila siku kama kinga ya maradhi ya ngozi. Kazi ya mafuta hapa ni kuufanya mkono upite bila kukwaruza, na kwa kazi hiyo kijiko kimoja cha mezani chatosha.

Chagueni mafuta ya mimea yasiyotiwa manukato, na yawe katika chupa iliyofungwa kiwandani. Ya alizeti yafaa, na ya nazi yafaa. Mafuta ya kupima yauzwayo kwa kikombe kutoka katika pipa dukani yasitumiwe kwa mtoto, kwani hakuna ajuaye yamechanganywa na nini. Mafuta yaliyokwisha kukaangia maandazi yasitumiwe hata kidogo. Ya haradali, yapendwayo India, yameonekana kudhuru ngozi. Ama mafuta ya zeituni, najua yana heshima kubwa katika nyumba nyingi, lakini katika mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walichapisha uchunguzi waliowafanyia watu wazima, na ikaonekana kwamba yaliudhoofisha utando wa juu wa ngozi, hali ya alizeti hayakufanya hivyo. Kwa hiyo, kama alizeti yapatikana, tumieni alizeti.

Samli ya nyumbani ni chakula kizuri. Lakini hukaa katika chombo siku nyingi, huguswa na mikono mingi, na katika joto letu huvunda upesi. Iacheni kwa ajili ya watu wazima wenye meno ya kuilia.

Kabla ya kumpaka mtoto mwili mzima, mpakeni tone moja katika mguu, mngoje mpaka kesho yake. Pasipokuwa na wekundu wala upele, endeleeni. Na mafuta msiyatie mikononi moja kwa moja kutoka katika chupa. Yamimineni kiasi cha siku hiyo katika kisahani, chupa irudi kabatini. Mtaona sababu yake hivi punde.

KISICHO MKEKANI HAKITUMIKI

Jirani yangu mmoja, naye ni karani kama mimi, alipata mtoto wa kwanza hapa. Mama mzee wa jirani, mcha Mungu na mwenye huruma, akajitolea kuja kumkanda. Mikono yake ilikuwa mizuri ajabu. Lakini kila alipomaliza alitaka kumtia mtoto matone ya samli puani, "ili njia ifunguke." Mke wa karani aliogopa, na aliogopa vilevile kumwambia mzee asifanye. Bwana akataka kumkataza mzee asije tena. Yule bibi mwenye nyumba akakataa, akatumia njia bora.

Asubuhi iliyofuata alitandika mwenyewe mkeka mapema. Akaweka kisahani chenye mafuta kijiko kimoja, kitambaa safi, nepi, na nguo za kumvika mtoto. Chupa ya samli hakuiweka. Mzee alipofika, akampokea kwa chai, akamwosha mikono kwa heshima kama aoshwavyo mgeni kabla ya kula, kisha akasema, "Ayeeyo, mikono yako ndiyo tunayoitaka, maana sisi hatuna mama hapa. Muuguzi ametuambia puani na masikioni tusitie kitu chochote. Tusaidie kulishika neno hilo." Mzee akatazama mkeka, akacheka, akasema, "Haya mwanangu, kila zama na mambo yake." Akamkanda mtoto, na hakuna aliyeudhika. Anaendelea kuja mpaka leo.

Wasomaji wangu, hekima ya jambo hili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Atandikaye mkeka ndiye mwenye kuiongoza kazi. Kisichowekwa mkekani hakitatumika, na hivyo ugomvi hauzaliwi. Vijana wengi hungoja mpaka mzee amekwisha kushika chupa ndipo wapige kelele. Wakati huo mtoto yuko hatarini na heshima imevunjika, yote mawili kwa pamoja.

Wala hofu ya mama yule haikuwa ya bure. Madaktari wa kusini mwa Saudi Arabia, ambako desturi ya kuwatia watoto samli puani na kinywani ilikuwako, waliandika habari zake katika miaka ya 1990. Samli au mafuta hupita njia ya hewa yakashuka mapafuni, na mapafu hayawezi kuyatoa. Mtoto hupata nimonia ya mafuta, ambayo dawa za kawaida za nimonia haziwezi kuiondoa. Mtoto akiziba pua, matone machache ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, tena kwa shauri la muuguzi, yatosha.

MKONO UKIANZA

Mambo yakiwa tayari, kazi yenyewe ni rahisi. Ketini chini, mtoto mbele yenu au juu ya mapaja, uso wake uelekee wenu. Mwonyesheni mikono, mseme naye, msugue mafuta kidogo viganjani. Anzieni miguuni, ambako mtoto haogopi: kutoka paja kwenda kisigino, kisha unyayo kwa kidole gumba. Halafu mikono, toka bega mpaka kiganja. Kifuani fungueni viganja kutoka katikati kwenda kando. Tumboni, kama kitovu kimepona, zungusheni mkono kama saa izungukavyo, chini ya mbavu. Mwisho mlazeni kifudifudi, mpite mgongoni toka shingoni kushuka. Mkono uwe na uzito kidogo, kwa maana mguso mwepesi mno humtekenya na kumchukiza, lakini usiwe uzito wa kukanda unga. Dakika 10 ni nyingi kwa mtoto mchanga. Akikunja ngumi, akigeuza uso, au akilia, kazi ya leo imekwisha.

Yako mambo matano ambayo mkono usiyafanye. Usimning'inize mtoto kwa miguu wala kumrusha juu. Usivute viungo mpaka vilie. Usibonyeze utosi wala kufinya kichwa ili kipate umbo, kwani Muumba atakitengeneza mwenyewe miezi ikipita. Usikamue maziwa ya mtoto mchanga, wa kiume au wa kike. Huvimba kwa sababu ya homoni za mama, na uvimbe hupungua wenyewe, lakini yakikamuliwa hufanya jipu. Na usivute pua ili iwe ndefu. Mtoto hupumua kwa pua hiyo hiyo mliyompa.

Wazee wengine hutuambia, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali ni ya kweli, lakini ilitungwa kwa ajili ya adabu, haikutungwa kwa ajili ya mifupa. Mkunjeni mtoto tabia akiwa mdogo, viungo vyake mviache vikunjuke kwa wakati wake.

Kazi ikiisha, mfuteni mafuta yaliyozidi, hasa shingoni, kwapani na kinenani, mahali ambapo jasho na vumbi hukusanyika. Msimwinue kwa mikono yenye mafuta. Mfungeni kwanza katika kitambaa, ndipo mmwinue. Kisha mvikeni, mama amnyonyeshe, na kwa kawaida usingizi hufuata. Asipelekwe juani na mafuta mwilini.

PALE MKANDO USIPOSAIDIA

Neno la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kukanda si tiba ya mtoto mgonjwa. Katika nchi yenye safari ndefu kama hii, saa zinazopotea kwa kukanda na kufukiza ni saa zilizoibiwa kwa mtoto. Mkiona mtoto mchanga hataki kunyonya kabisa, au ameshikwa na degedege, au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, au kifua kinaingia ndani avutapo pumzi, au mwili una moto au ni baridi isivyo kawaida, au hachezi ila akiguswa, au nyayo zimekuwa manjano, au kitovu kimekuwa chekundu na kutoka usaha, msimkande. Mfungeni vizuri kifuani pa mama, aendelee kunyonyeshwa akiweza, na safari ya hospitali ianze saa ile ile. Utosi uliobonyea pia ni dalili ya maji kupungua mwilini, wala hauinuliwi kwa kupaka mafuta.

Kwa hiyo baba naye, katika matengenezo yake, aongeze jambo moja lisilo la mkekani. Ajue mapema ni gari la nani litakalopatikana usiku, nambari ya simu ya dereva ni ipi, na nauli itatoka wapi. Fedha hiyo ifungwe mahali pake na isiguswe kwa miraa wala kwa mkopo wa rafiki. Ahesabu pumzi za mtoto kwa saa ya simu yake mara moja akiwa mzima, ili ajue kutofautisha siku akiwa mgonjwa.

Basi wasomaji wapenzi, haya si mambo ya gharama. Sabuni kipande, mtungi mmoja uliotobolewa, chupa ndogo ya mafuta, kanga mbili safi, na nusu saa ya baba kabla ya kwenda ofisini au kisimani. Mwenye mke aliye karibu kujifungua aanze kuvikusanya juma hili, asingoje kilio cha kwanza. Waliozoea kusema kwamba mambo ya mtoto mchanga hawayajui, sasa wamesoma, na udhuru wao umekwisha.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya kuhifadhi maji ya kunywa wakati wa kiangazi.

Ni mimi,
Karani wa Hadado